Maneno ya Mama wa Mchukuzi

Mpambaji alimpaka mama yule poda mara ya tatu, na mara ya tatu machozi yakachimba mfereji. Viatu alivyovaa vilikuwa vya jirani. Visigino vilining'inia nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

"Usiogope, mama," mtangazaji alimwambia. "Sema yote."

Huyo ndiye bingwa wa siasa wa runinga. Mvi zimemwotea mbele ya kamera, na sifa ya kuuliza maswali makali haijampungukia. Siku hizi makali yenyewe yalikuwa ya kisu cha kupakia siagi, lakini nani angemwambia?

Taa zikawaka, mama akasema. Mwanawe alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Wachuuzi walipokataa kuhamishwa, polisi wakapiga risasi, naye akaanguka na gunia begani.

"Aliyetoa amri ni mkuu wa kituo chetu cha polisi. Mimi nimesimama hapa, yeye pale. Kesho yake akatuletea jeneza, akataka niseme kijana kagongwa na lori. Kwa jeneza nashukuru. Kwa uongo, hapana."

Vinyweleo vikamsimama mtangazaji. Kwa miaka mingi hakuwa amesikia mtu akisema jambo zima.

Mlangoni mwa chumba cha kukatia picha alimkuta mhariri mkuu, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mzee. Kazi safi. Ila mkuu wa kituo atoke kwenye habari."

"Akitoka yeye kinabaki nini?"

"Jeneza. Na mama anashukuru." Akacheka. "Mzee wangu, pensheni hiyo inakuchungulia dirishani. Leo ndiyo umwage unga?"

Kunyamaza nako ni kazi, na hiyo mtangazaji aliijua kuliko zote. Akarudi studio kupigwa picha akitikisa kichwa mbele ya kiti kitupu, vipande vya kuziba pale maneno ya mama yatakapokatwa.

"Sikitika kidogo, mzee," mpiga picha akamwambia. "Hapo hapo. Sasa kubali."

Akakubali.

Mama aligoma kuondoka kabla hajajiona. Wakasimama pamoja chini ya runinga ya mapokezi, yeye viatu mkononi. Akatokea, na poda yake: "Kwa jeneza nashukuru." Mtangazaji wa kwenye kioo akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha ikaja hali ya hewa.

Mama akageuka taratibu.

"Mwanangu, mkuu wa kituo sikumtaja?"

Mtangazaji akaendelea kutazama hali ya hewa.

"Mbona nilidhani nimemtaja? Njia nzima nilikuja namkariri." Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Uzee huu, jamani! Nimemwangusha mwanangu hata kaburini. Na wewe nimekupotezea muda wako bure. Nisamehe, baba."

"Si kitu, mama," akasema mtangazaji, akamsamehe.