Goti la Asheri

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bartholomeo, alitangaza mechi kuwa msaragambo. Msaragambo ndiyo ile kazi yetu ya pamoja ya kuchimba mifereji na kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia. Baragumu likilia usipotokea, unakosa zamu ya maji. Sasa mtu mzima na akili zake akaona mpira nao ni hivyo hivyo! Timu ya Same ilikuwa inapanda kuja Gonja siku ya Sabasaba, naye alimtaka mume wangu uwanjani.

Mume wangu Asheri alikuwa winga. Aliichezea timu ya shamba la mkonge, kisha ya mkoa, akafika hadi Dar es Salaam miaka ile tulipopata Uhuru. Mimi sikuwahi kumwona akicheza. Nilimkuta wodini goti limevunjika, mimi nikiosha wagonjwa. Daktari alimwonya: likivunjika tena, milima ataiaga. Na shamba letu liko juu, saa nzima ya kupanda.

"Mwambie Bartholomeo goti ni bovu," nilisema.

"Anajua."

"Basi tukose maji, maharage yakauke!"

Akacheka. "Si maji, mama Hedwiga. Miaka kumi na miwili unaishi na mchezaji, hujamwona hata akipiga danadana."

Nilikasirika hadi nikaunguza makande. Sikio la kufa halisikii dawa. Wiki nzima ikawa hivyo. Kila akiinuka kwenye kigoda nilikuwa nasikiliza goti.

Sabasaba ikafika. Kipindi cha pili akaingia, goti amelifunga kwa kipande cha kanga yangu. Watu wakaimba jina lake. Mimi niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko siku ya kujifungua. Alikuwa akichechemea kidogo, nami nikawa nahesabu hatua zake kama vile hesabu ingemshikilia asianguke.

Mpira ukamfikia pembeni. Beki wa Same, pande la mtu, akamjia mbio. Nikajifunika uso kwa kanga.

Kiwanja kizima kikapiga kelele ambazo sijazisikia tena. Nilipofunua uso, kipa alikuwa akiokota mpira wavuni, na Asheri ameketi kwenye majani, ameshika mguu. Nilikimbia nikapiga magoti kando yake. Jasho lilimtoka, lakini alikuwa akinitazama mimi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona," nikasema.

Hakupanda tena shambani. Zamu ya maji nakwenda mimi, jembe begani. Wageni wakija huwasimulia bao lile, na akifika kwa beki husema, "Muulizeni mke wangu, alikuwepo." Nami hujibu alimpita kushoto, naye hufurahi.

Mpaka leo sijui kama ni kushoto au kulia, na siwezi kumuuliza mtu yeyote.