Boga Changa

"Kisiwe kikubwa," Kaimu alisema. "Kama boga changa hivi. Nikijaze upesi, kivunjwe, nirudi zangu Malolo."

Mwamina hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti mbele ya udongo, mikono imelowa hadi viwiko, gunzi la muhindi likizunguka ndani ya chungu kibichi kusukuma ukuta wake. Alikuwa akimsikiliza kwa sikio moja, kama anavyomsikiliza mteja yeyote anayeagiza. Lakini aliposikia lile neno "upesi", mkono wake ulifanya jambo ambalo hakuutuma. Ulisukuma. Tumbo la chungu likatoka nje upana wa kidole, kisha kidole kingine, na mkono ukaendelea kama vile hauna mwenyewe.

"Kama boga changa," akasema Mwamina. "Nimesikia."

Ilikuwa mara ya tatu Kaimu kufika katika ua ule wa Nambambo. Mara mbili za kwanza alimsindikiza rafiki yake Bernardo, aliyekuja kuagiza kibubu chake, na mara zote mbili alisema maneno mawili matatu yaliyomfanya Mwamina acheke mpaka akaweka chini kibao chake cha kupigia udongo. Tangu aachwe na mumewe hakuwahi kuweka kibao chini kwa sababu ya kicheko. Alimpenda, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Ila alikuwa mwanamke mwenye haya, na mtu mwenye haya mkono wake humwahi mdomo.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa. Nachingwea ilikuwa imefurika watu. Wazungu walikuwa wakifyeka msitu kupanda karanga, matrekta yakiburura minyororo kutwa nzima, na vijana walikuja kutoka Malolo, kutoka Chinongwe, hata kutoka ng'ambo ya Ruvuma kama Bernardo. Waliishi kambini, wanne wanne katika hema moja. Mwisho wa mwezi walilipwa, na ikifika Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, raha zote za dunia zilikuwa zinawangoja barabarani: hoteli ya chai yenye santuri, dansi ya kinanda, karata, na sinema ya mfanyabiashara mmoja aliyetundika shuka kwenye ukuta wa ghala na kutoza thumuni kwa kila kichwa. Ikifika Jumatatu, wengi walikuwa wakikopeshana chumvi.

Ndipo vibubu vya Mwamina vilipopata soko. Sufuria za dukani zilikuwa zimeanza kuwaharibia wafinyanzi kazi. Mwanamke aliyekuwa akinunua vyungu vinne kwa mwaka sasa alinunua kimoja, tena kwa kumhurumia. Lakini duka gani lingeuza chungu kisicho na mdomo, chenye mwanya mmoja tu mgongoni? Mwamina aliukata mwanya ule kwa kisu udongo ukiwa mbichi, mpana kuliko sarafu, kwa sababu alijua udongo husinyaa motoni. Alikipigapiga chungu kwa kibao cha mninga alichoachiwa na mama yake, akakisugua kwa kokoto laini mpaka kikang'aa, akakianika kivulini, kisha akakichoma kwa magome na nyasi. Kila kijana alileta bei ya raha aliyojinyima wiki ile, akaitumbukiza. Vibubu vyenyewe vilikaa hapohapo kwake, vimepangwa juu ya uchaga, kwa sababu kule kambini watu walikuwa wameshajifunza kuchokoa sarafu kwa ncha ya kisu.

Kulikuwa na sharti moja. Kibubu hakivunjwi ila na mkono uliokifinyanga, kwa kibao kilekile kilichokipiga kikiwa kibichi. Mwamina alilitunga sharti hilo mchana mmoja wa Jumamosi, kijana aitwaye Abdalah alipokuja mbio akitokwa na jasho, anataka kibubu chake cha wiki tatu kwa sababu kuna dansi mpya.

"Mila ya wapi hiyo?" Abdalah aliuliza.

"Ya kwetu."

Bi Kulthumu, dada mkubwa wa mama yake Mwamina, alikuwa amekaa mlangoni akichambua choroko. Alikuwa hajapata kuisikia mila hiyo maisha yake yote. "Tangu enzi za bibi yangu," akasema bila kuinua macho. Abdalah akarudi kambini kichwa chini.

Kaimu alikuja kila Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, amekoga, ananukia sabuni. Thumuni yake ya sinema aliivunja kwanza dukani apate senti kumi tano, zile za shaba zenye tundu katikati. Alizipenda hizo tu. Kabla ya kutumbukiza alishika moja, akaiweka jichoni, akatazama kwa kupitia lile tundu, ua mzima, kuku, moshi, na Mwamina mwenye udongo hadi viwiko.

"Haya, taa zimezimwa," alisema. "Sinema imeanza."

Akawasimulia. Hakuwa ameiona, thumuni ilikuwa hapo mkononi mwake, lakini aliisimulia kama mtu aliyekaa mstari wa mbele. Kulikuwa na mwanamke anatembea, amebeba kitu kichwani, kimefunikwa kitambaa cheupe. Nyasi zilimpisha. Wiki iliyofuata mwanamke alifika kwenye mto uliokuwa ukipanda mlima badala ya kushuka, akauvuka bila kulowa. Wiki nyingine alipita mji ambao watu wake walilala juu ya mapaa na farasi wakanywa chai kwenye visahani. Mwamina alifinyanga akiwa anasikiliza, na ua ukawa mkubwa, ukuta wa makuti ukaenda mbali, hata udongo mikononi mwake akaona kama unapumua. Siku hizo chungu kilimalizika chenyewe. Alipozinduka, jua lilikuwa limeinama na Kaimu anafunga kamba za viatu.

"Lakini amebeba nini?" Mwamina aliuliza.

"Sinema haijasema bado. Jumamosi ijayo, inshallah."

"Na yeye hachoki?" Bi Kulthumu alinung'unika. "Miezi sita mtu anatembea tu. Upuuzi." Ila kila Jumamosi alikuwa wa kwanza kutandika mkeka.

Kaimu akishaondoka, Mwamina alikwenda kwenye uchaga akakigonga kibubu chake kwa kifundo cha kidole. Mfinyanzi husikia mengi kwa kifundo cha kidole. Chungu kitupu huimba, kilichojaa hujibu kwa sauti nzito na fupi. Vya wenzake vilikuwa vinazidi kunyamaza wiki hata wiki. Cha Kaimu kiliendelea kuimba. Mwamina alifurahi, na hapohapo akaona aibu, kwa kuwa mtu alikuwa anajinyima raha zake zote arudi kwao upesi, na yeye amemwibia upesi wake. Aliwaza kumwambia. Kila Jumamosi aliwaza kumwambia, na kila Jumamosi mwanamke wa sinema alianza kutembea, naye akanyamaza.

Mvua mbili zikapita. Karanga hazikutoka kama zilivyotarajiwa, na mwaka wa hamsini na moja kambini ukasomwa waraka: kazi inapunguzwa, malori yataondoka Jumatatu. Jumamosi ile ua ulijaa. Mwamina alikaa kwenye kigoda, kibao mkononi, na vijana wakampa vibubu vyao mmoja mmoja. Aligonga mara moja tu, mahali alipopajua, na chungu kikafunguka vipande vitatu vinne bila kurusha hata kigae. Abdalah alizikumbatia fedha zake akacheka kama mtoto. Bernardo alitandaza zake juu ya mkeka, akazitazama, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni vumbi.

"Haya, Kaimu," Bernardo aliita. "Mimi na wewe tulianza karibu pamoja, thumuni kwa thumuni. Dada, kigonge cha mwenzangu tukisikie."

Mwamina alikigonga. Kikaimba.

Watu wakatazamana. Bernardo akakinyanyua, akakiweka kando ya kibubu cha mtu mwingine kilichokuwa hakijavunjwa, akarudi nyuma hatua moja. "Eh! Hili ndilo boga changa? Mbona hili boga la kuachia mbegu!" Ua mzima ukaangua kicheko.

Kaimu hakucheka. Alichuchumaa, akakipima kile kibubu kwa shibiri, huku na huku, taratibu.

"Udongo ulizidi?" aliuliza.

Mwamina angeweza kusema ndiyo. Wangeamini wote. "Hapana," alisema. "Mkono ulizidi."

Kaimu akapitisha kidole kwenye mwanya. "Nafasi iliyobaki ni ya muda gani?"

"Mwaka. Pengine na zaidi. Nisamehe, kaka Kaimu. Lete nikivunje, fedha zako zimo zote, lori lisikuache."

"Sharti gani linasema kivunjwe kabla hakijajaa?" Akavua koti, akakifunga ndani yake, akakiweka begani. Akamwendea Bi Kulthumu, akamshika mkono kumuaga.

"Na yule mwanamke?" Bi Kulthumu aliuliza.

"Bado yuko njiani, mama."

Akatoka. Mwamina alibaki na kibao mapajani, amezungukwa na vigae.

Alijua kilichotokea, au alidhani anajua. Kaimu amekasirika, ila ni mtu wa adabu, hakutaka kumwaibisha zaidi mbele ya watu. Kibubu atakivunja kwa jiwe hukohuko njiani, lori likisimama kupoza injini. Nani ashike mila iliyotungwa uani mchana mmoja ili kumzuia Abdalah asiende dansi? Mwamina alilia siku mbili, na siku ya tatu akaenda kuchimba udongo, maana vyungu vya mboga havingojei machozi.

Jumamosi zikawa ndefu. Bi Kulthumu alitandika mkeka kwa mazoea, akaukalia peke yake, akaukunja. Jumamosi moja Mwamina alichukua thumuni yake mwenyewe, akajitanda kanga, akamchukua na Bi Kulthumu kwa thumuni nyingine, wakaenda sinema jua likizama. Shuka lilikuwa bado linatundikwa. Waliona wanaume wenye kofia wakipigana ngumi, kisha magari, kisha mzee anaanguka kwenye keki na watu wanacheka. Mwanamke aliyebeba kitu hakutokea. Mto ulikuwapo, ila ulikuwa unashuka tu kama mito yote.

"Wametuibia," Bi Kulthumu alisema walipokuwa wanarudi. Thumuni mbili zilimuuma Mwamina, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mahali pekee ambapo mwanamke yule alikuwa anatembea ni kinywani mwa Kaimu.

Kiangazi cha mwaka uliofuata alifika uani muuza tumbaku aitwaye Yunusi, mtu wa Malolo, vumbi hadi magotini. Alikunywa maji, akafuta mdomo, akauliza kama hapa ndipo kwa Mwamina mfinyanzi.

"Ndipo."

"Kaimu mwana wa Hajira anakusalimu. Amelima ufuta msimu huu, umekubali. Mtu yule ana vituko! Haendi ngomani, hanunui hata soda. Kila shilingi anaikimbiza dukani aivunje apate senti kumi, zile za tundu, anazitumbukiza kwenye chungu. Kijiji kizima kinamcheka."

Mwamina alikuwa ameshika chungu kibichi. Alikiweka chini polepole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kukibonyeza.

"Anasema nikuambie kimejaa," Yunusi aliendelea. "Alikuwa akuletee mwenyewe. Akakipakia begani, akafika nacho hadi mtoni, akarudi. Hakibebeki, kizito kama jiwe la kusagia. Nikamwambia, kivunje ubebe fedha kwenye mfuko, akanijibu haijuzu, kwenu kuna mila. Anasema basi, aliyekifanya kikubwa aje mwenyewe, na kibao chake. Wazee wake wamekwisha ambiwa, wanawangoja."

Alisema na neno jingine kuhusu bei ya tumbaku, lakini Mwamina hakulisikia. Alikuwa anatazama mikono yake. Kwa miaka mitatu aliionea haya mikono ile.

Alinawa. Udongo ulitoka polepole, chini ya kucha haukutoka kabisa, akauacha. Akaenda ndani, akakichukua kibao cha mninga, akaweka na gunzi na kokoto yake ya kusugulia, kwa kuwa udongo hata Malolo upo, akavipanga ndani ya ungo.

"Ni mwendo wa siku mbili, mama mkubwa," alisema. "Nitafuatana na Yunusi. Wewe ngoja hapa, miguu yako mibovu."

Bi Kulthumu alikuwa ameshasimama, anatafuta fimbo. "Utafuatana na Yunusi wewe na nani? Watu waseme nini?" Akajifunga kanga kiunoni, akakaza fundo. "Na isitoshe, nataka nikamuulize yule kijana kwa kinywa changu. Yule mwanamke alibeba nini."

Asubuhi iliyofuata walishika njia. Yunusi alitangulia na mzigo wake, Bi Kulthumu akafuata akiilaumu njia kwa kila jiwe. Kulikuwa na vumbi, na Mwamina hakutaka kibao cha mama yake kichafuke, hivyo akaufunika ungo kwa kitambaa cheupe cha kusalia, akaunyanyua, akaupachika kichwani. Nyasi za kiangazi zilikuwa ndefu kupita kimo cha mtu, zimekauka, zimeegemea njia kutoka pande zote mbili.

Akaingia. Zikampisha.