Tika Kabla ya Kilio

Asubuhi ya Bhai Tika, siku dada anapompaka ndugu yake tika, alama ya rangi pajini, kumkinga dhidi ya Yama, mungu wa kifo, Devaki alikuwa akikaanga mikate ya mchele simu ilipolia. Binamu yake alipiga kutoka kijijini, ng'ambo ya mlima. Baba mkubwa amefariki.

"Mwambie ndugu yako Nirajan awahi," binamu alisema kwa kilio. "Mzee hakujaliwa mtoto. Nani atawasha moto wa maiti kama si yeye, mwana wa nduguye?"

"Tunakuja," Devaki alijibu, akakata simu. Kisha akaendelea kukaanga.

Msimwone katili. Yeye ameolewa, ni wa ukoo wa mumewe sasa, na msiba ule haumfungi. Lakini Nirajan akisikia tu, keshafiwa: atavaa nyeupe, wala hapakwi tika. Asiposikia, hajafiwa bado. Ndiyo desturi. Mwaka jana Devaki alikuwa kwenye msiba wa baba mkwe, tika ikapita, na haukupita mwezi Nirajan akaanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga huko Qatar. Sasa ana chuma mguuni, na anajiandaa kurudi kulekule. Devaki alikuwa na hofu ya kweli. Liwalo na liwe, mwaka huu atampaka.

"Nani anapiga mapema hivi?" mama mkwe aliuliza.

"Muuza maziwa."

"Maziwa gani hayo ya kukuliza?"

"Moshi, mama."

Saa ya heri ya kupaka tika ilikuwa bado mbali. Nirajan alifika akichechemea, kicheko mbele.

"Dada, usinipake kama ukuta wa hekalu! Nikitoka hapa naazima pikipiki ya shemeji, nimpelekee baba mkubwa koti lake."

"Kaa kwanza," Devaki alisema bila kumtazama.

Saa ilipotimu, akamzungushia duara la mafuta ya haradali, akapasua kokwa la jozi kizingitini kwa jiwe ili kumzuia Yama, akampaka rangi saba kwenye paji la uso na kumvika shada. Moyo ulitulia. Amemaliza.

"Ngoja mzee aone mwanawe alivyopendeza," Nirajan alisema, akitoa simu na kumpigia kwa video.

"Baadaye! Kula kwanza!"

Njia ya mwongo ni fupi. Binamu alikuwa ameshapokea simu ya mzee, na kwenye kioo, nyuma yake, moshi ulipanda kando ya mto.

"Tulikungoja sana, kaka. Wazee wakasema maiti hailazwi. Moto kawasha mtoto wa jirani."

"Moto gani? Maiti gani?"

"Si nilimwambia dada tangu asubuhi?"

Nirajan aliishusha simu. "Dada?"

"Nilitaka uishi," Devaki alisema. "Ningekwambia baada ya tika."

"Baada ya tika ni majivu! Yule ndiye aliyenibeba mgongoni hadi shule baba alipokufa. Hakuwa na mwingine."

Akavua shada, akampa mkononi. Akaenda kwenye bomba la uani, akajimwagia maji kichwani, maana mfiwa lazima aoge. Rangi zote saba zikamshuka shingoni na kuingia mferejini.

"Nirajan, basi acha hata alama moja!"

"Nimefiwa, dada," alijibu kwa adabu, na adabu ile ilimchoma kuliko tusi.

Mama mkwe alileta shuka nyeupe. Nirajan akajifunga, akachukua ufunguo wa pikipiki.

"Utakula nini njiani?" Devaki aliuliza, akilia waziwazi.

"Mwaka kesho usiningoje," alisema, akaondoka, paji la uso tupu kama mwaka jana.