Mtani Aliyekula Kiapo

Laurenti alikosea mtu. Video aliyoifanya iondolewe mtandaoni ilimwonyesha marehemu mama yake Pili, siku ya kumtoa mwali kule Mkuyuni, akiimba wimbo wa ukoo wao. Simu iliyoirekodi ilikwishaibwa. Nakala nyingine haikuwapo duniani.

Laurenti, mwenye studio mjini, aliuchukua wimbo huohuo, akautilia kinanda, akaanza kuuuza. Ili asisumbuliwe na wenyewe, akawaandikia wenye mtandao kuwa hakimiliki ni yake, akala kiapo kwamba anasema kweli. Akarudia kwa video nyingine kwenye chaneli ya Pili. Kwa kanuni za mtandao, lalamiko la tatu lingefuta chaneli nzima, na sauti ya mama ingepotea moja kwa moja.

Pili akampigia simu. Laurenti akacheka. "Mtani wangu, umenuna? Si utani tu!"

Ni kweli koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu. Mtani hukubebea kuku wako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ndiyo maana mjomba Mwinshehe, aliposikia Pili anataka kwenda mahakamani, aliteremka kutoka mlimani, uso umemkunjamana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mtani hashtakiwi, Pili. Utatuaibisha."

Kwa Waluguru kama wao neno la mjomba si la kuchezea. Lakini Pili hakurudi nyuma.

"Mjomba, kuku hubebwa mwenyewe akiona. Huyu kanizunguka nyuma ya mgongo. Na aliyemfuta ni dada yako!"

Mzee akachukua kofia yake, akaondoka. Hakuruhusu, wala hakukataza tena. Pili akaona hiyo inatosha.

Wakili Hetal, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa la baba yake, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Dada Pili, kwenye pingamizi la kuwajibu wenye mtandao utaandika jina na anwani yako, na utakubali kushtakiwa Laurenti akitaka. Wengi hukimbia hapo."

"Andika. Tena mimi ndiye nitakayeanza kumshtaki."

Mahakamani Laurenti alikuja na suti ya harusi na utetezi uleule: yeye na Pili ni watani, alikuwa anamchokoza tu. Hetal akamwita shahidi ambaye Pili hakumtarajia kabisa, mjomba Mwinshehe.

"Ni watani, mheshimiwa," mzee alisema. "Ila mtani haapi. Akishaapa, huo si utani tena."

Hakimu akamgeukia Laurenti. "Unasema ulikuwa unamtania?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Utani mtupu."

"Basi ulipoapa kuwa wimbo ni wako, ulijua si wako."

Hapo Laurenti alikuwa amejifunga mwenyewe. Akaamriwa ayaondoe malalamiko yake yote, alipe fidia, na aombe radhi kwenye ukurasa wake mwenyewe, waziwazi.

Nje alimfuata Pili, tai imelegea. "Mtani, umeniua."

"Bado," Pili akasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Siku ukifa kweli nitakuja kujilaza kaburini mwako kama wafanyavyo watani msibani, wasikuzike mpaka wanipe changu. Huo ndio utani, Laurenti. Jifunze."

Mjomba Mwinshehe ndiye aliyeangua kicheko wa kwanza.