Mavi ya Ng'ombe, Mavi ya Muntu

Kila asubuhi Bisengimana alianza kazi kwa kuinamia mavi. Mu zizi yake, ku mulima juu ya kijiji ya Kalembe, aligeuza kinyesi cha kila ng'ombe na kijiti, akanusa, na akiona hata uzi moja wa damu, anaita veterineri mbele ya kukamua. Lakini ya kwake mwenyewe? Hiyo aliifunika haraka, macho juu, kama muntu anasali.

Bibi yake wa ndoa, Kamaliza, njo alikuwa anaosha ndoo yenye alijisaidiamo. Harufu ilishinda mzoga: damu nyeusi, makamasi, na maji ya pilipili yenye Nadine, dada ya Bisengimana, alimusukumia mu matako na poire ya lavema, ule mupira wa kusukuma dawa mu utumbo. Kamaliza anaosha, anatema mate, anaosha tena. Hata maziwa ilianza kumunukia ndoo.

"Ni emoroide, bawasiri tu," Nadine alisema, poire ikimutonya mu mukono. "Pilipili itakausha."

"Itakausha nini, dada?" Kamaliza alimujibu. "Iko inamuchuna!"

Dokta mumoja wa hospitali ya Kashebere aliisha kuwaelezea kama ni kansa. Mu utumbo munene, chembe za mwili zinapeana habari: kua, ao simama. Mu kansa, "simama" haisikiwe tena, "kua" njo inapita muchana na usiku. Na njia za hiyo habari zinakutana.

"Ukifunga barabara na bariere, motari anazungusha pikipiki yake na mulima, anatokea mbele," dokta alisema. "Dawa ikifunga njia moja, ile habari inaweza kupita na ingine. Twende tukate uvimbe kule Goma, mbele ya kufika mu maini."

Bisengimana aliitika vizuri. Akarudia poire.

Basi siku moja Kamaliza hakumwaga ndoo. Aliitua kati ya zizi, akamupa bwana yake kijiti.

"Papa Estelle," alimuita na jina ya mutoto wao, "geuza."

"Uko na wazimu? Aibu gani hii!"

"Na ingekuwa ya ng'ombe wako?"

Nzi walikuwa wameisha kuchagua: waliacha mavi yote ya ng'ombe, wakajaa mu ndoo. Bisengimana akageuza. Kitu cheusi kikajivuta mu makamasi kama ini bovu. Akatapika juu ya buti zake, akashika nguzo.

"Veterineri," alisema polepole, "ningekuwa nimemuita zamani."

Nadine alikuwa anaingia na pilipili mupya. Bisengimana akamunyanganya poire, akaitupa mu ndoo, kati ya nzi.

"Pilipili irudishe mu chungu ya sombe, ni ya mboga, dada. Mama Estelle, ita motari, twende Goma."