Kipande cha Hamsini

Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na hakuna kitu kilichomuudhi kama mabaki. "Kitambaa hakibaki," alizoea kusema, "ila fundi hakupima." Alipofariki tulikuta kikapuni vipande hamsini vya mraba, alivyovikata kutoka kwenye magauni yake ya zamani ili vishonwe kitandiko. Dada yangu, aliyerithi ufundi na cherehani yenyewe, akavichukua.

Akashona saba kwa saba. Kitandiko kilipendeza, sikatai, mwenye macho haambiwi tazama. Kikabaki kipande kimoja.

"Macho ya mama yalishachoka," akaniambia. "Kakata kimoja zaidi. Hata bitana ya kushonea upande wa chini kakata mbili, zote fupi, ikabidi niziungeunge. Haya mdogo wangu, hiki chako, futia miwani."

Alikuwa anatania, lakini utani ule ulinichoma. Yeye arobaini na tisa, mimi kimoja, utadhani niliokotwa. Nikakitia mkobani na kweli nikawa nafutia miwani, kwa hasira. Kitandiko chenyewe sikukitaka sana. Nilitaka kujua kama mama alinisahau.

Ila kila nikikishika, nawaza: mama akosee hesabu? Yule aliyepima hata kamba ya kufungia mfuko? Mchana mmoja nikamwaga vifungo hamsini mezani, nikaanza kuvipanga miraba. Saba kwa saba, kimoja nje. Sita kwa sita, kumi na vinne nje, navyo havikubali kuwa mraba hata uvibembeleze. Tano kwa tano, nikahesabu vilivyobaki. Ishirini na vitano. Tano kwa tano nyingine.

Kumbe hamsini inakubali kugawanyika miraba miwili kwa njia mbili: jitu na kapunje kake ka kimoja, au pacha. Udadisi ukanipanda kichwani. Je, namba nyingine nazo zina tabia hii? Nikazijaribu zote zilizo chini yake, napanga na kupangua, mpaka chungu kikaungua jikoni. Nyingi zilikataa kabisa. Zilizokubali zilikubali njia moja tu. Hamsini ndiyo ya kwanza kuwa na mbili.

Ndipo nikakumbuka zile bitana.

Nikamfuata dada kazini kwake, nikapanga vifungo juu ya meza yake ya kukatia. Akavisogeza mwenyewe kwa kidole, akarudia. Kisha akaleta kitandiko, akakigeuza, akafuata mishono ya bitana kwa futi, kipande hadi kipande.

"Kila moja ilitosha tano kwa tano," akasema taratibu. "Alikata vitandiko vyetu viwili. Mimi ndiye sikupima."

Akachukua wembe, akaanza kufumua. Sikumzuia. Niseme uongo wa nini, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, naye akajifanya hayaoni. Tukawa tunagawana, kimoja chake, kimoja changu, kama watoto wenye peremende, hadi kitandiko kikaisha. Fungu langu likapungukiwa kimoja.

Nikatoa kile cha mkobani. Kilikuwa kimefifia, kina mafuta, aibu tupu. Nilipotaka kukiweka kwenye fungu langu, dada akaninyang'anya, akakitia kwenye lake, akanipa kisafi.

"Hiki nitakishona katikati," akasema. "Niwe nakiona."