Mchi Uliponyamaza

Watu walisema chumba cha mwisho cha maabara kinameza pumzi. Mama mwosha vyombo aliusikia uvumi huo siku yake ya kwanza kazini, ukamganda kama kupe. Eti fundi wa zamani, waliyemwita Mpole, alikutwa amekufa sakafuni humo bila jeraha, bila moshi, bila harufu yoyote. Koti lake bado lilining'inia msumarini nje ya mlango. Hakuna aliyethubutu kulitoa.

Na sasa aliyekuwa akisaga mizizi humo ni binti wa kumzaa wa mama huyo.

"Mama nawe! Hata maabara ina mizimu?" binti alimtania. "Njoo uone."

Mezani palikuwa na mizizi ya soya ya aina mbili: iliyopakwa bakteria na isiyopakwa.

"Bakteria akiugusa mzizi, kwanza unajihami. Ukishamtambua, unashusha protini za ulinzi, unapandisha za kumkaribisha. Unamjengea hivi vinundu akae, naye anaulisha naitrojeni aliyoivuna hewani. Mimi nasaga nijue protini ipi imepanda, ipi imeshuka."

"Na ukimkaribisha asiye mwema?"

"Basi mama, umeanza!"

Binti alizima feni, isimpeperushie unga. Akamimina kinuni naitrojeni ya maji, gesi iliyopozwa ikawa majimaji, baridi kupita barafu. Mvuke mweupe ukamwagika hadi sakafuni, mizizi ikawa mikavu kama vigae.

"Nifungie mlango. Joto likiingia, protini zinaharibika."

Mama akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Alirudi kwenye karo lake, masikio yakabaki kule. Ko, ko, ko. Alikuwa ametwanga tangu utotoni, mkono wa mtu aliujua kwa mlio. Mara mchi ukalegea. Ukagonga mara moja. Ukanyamaza.

"We mwanangu!"

Alipofika mlangoni, baridi ilimtambaa vidoleni kutoka chini ya ubao, na pindo la koti la Mpole likacheza, ilhali madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Alivuta pumzi ya koridoni, akafungua, akaikamata miguu iliyolala karibu na kizingiti, akavuta huku akipiga mayowe. Walipofika wafanyakazi wengine, naye mama kichwa kilikuwa kinamzunguka.

Binti alizinduka. Maneno yake ndiyo yanayomnyima mama raha mpaka leo:

"Sikukabwa, mama. Nilisikia raha. Kama kuna mtu ananiambia, karibu, kaa upumzike."

Binti amerudi kusaga, mlango wazi. Koti liko palepale. Mama akisuuza chupa, bado anahesabu mapigo ya mchi.

Wenye watoto katika kazi hizi, waambieni:

Wasifunge mlango wala kuzima feni naitrojeni ya maji ikimiminwa; mvuke wake hufukuza hewa ya kupumua.

Wasiifanye kazi hiyo peke yao.

Wasipande lifti moja na mtungi wa naitrojeni hiyo.

Wasingoje harufu. Naitrojeni haina.

Wasimfuate ndani aliyeanguka, waite watu. Yule mama aliponea chupuchupu.

Wasiuamini usingizi mtamu unaowajia humo ghafla.

Wasicheke uvumi kabla hawajauliza umeanzia kwa nani.